Minyoo wa tumbo na watu wasioonekana ndani ya wastani

Mwaka 1974 Malaysia ilianza mpango wa kitaifa wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo, na mwaka 1983 mpango huo ukasitishwa. Katika miongo iliyofuata nchi hiyo ilijenga barabara, ikasambaza maji ya bomba na kuweka vyoo vya kisasa mijini na katika sehemu kubwa ya vijiji, hata minyoo wa tumbo wakawa, kwa Mmalaysia wa kawaida, habari ya kusimuliwa na wazee. Lakini watafiti wa vyuo vikuu vya huko wanapokwenda kupima kinyesi cha watoto wa Orang Asli, yaani wenyeji wa asili wa Rasi ya Malaysia, hukuta hali nyingine kabisa. Katika tafiti nyingi zilizofanyika tangu miaka ya 1990, zaidi ya nusu ya watoto waliopimwa wana angalau aina moja ya minyoo, na si ajabu mtoto mmoja kukutwa na aina mbili au tatu kwa pamoja. Orang Asli hawafiki asilimia 1 ya watu wote wa Malaysia. Hata kama kila mtoto wao angekuwa na minyoo, takwimu ya taifa isingetikisika.

Hali hiyo si ya Malaysia peke yake. Watsimane wanaoishi kandokando ya mto Maniqui katika nyanda za chini za Bolivia, Washuar wa mashariki mwa Ekuado, na Waaborijini wa vijiji vya mbali kaskazini mwa Australia wamepimwa mara nyingi na kukutwa na maambukizi kwa viwango ambavyo majirani zao wa mjini hawavijui. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 1.5 hivi wana minyoo inayoambukizwa kupitia udongo, na wengi wao si watu wa jamii za asili. Swali linalonishughulisha hapa ni jingine: kwa nini ugonjwa huu, unapoondoka katika nchi, hubaki umeng'ang'ania hasa kwa watu hawa?

Majibu mawili husikika mara nyingi. La kwanza ni kwamba watu hawa hawajali usafi au wameshikilia mila zao, na jibu hilo kwa maoni yangu ni tusi lililovishwa koti jeupe la daktari. La pili ni kwamba hawajafikishiwa vidonge vya kutosha. Hili lina ukweli wake, lakini mtu akiwafuatilia minyoo wenyewe, mmoja mmoja, ataona kwamba vidonge ni sehemu ndogo ya jibu.

Tuanze na chango, kwa kuwa ndiye anayejulikana zaidi. Jike lake laweza kufikia urefu wa sentimita 30, na hutaga hadi mayai 200,000 kwa siku. Mayai hayo hutoka na kinyesi yakiwa hayajakomaa. Yanahitaji wiki 2 hadi 4 katika udongo wenye joto na unyevu ndipo yaweze kumwambukiza mtu, na yakishakomaa yanaweza kudumu ardhini kwa miaka. Mtu huyameza kupitia mikono yenye udongo, mboga isiyooshwa sawasawa au maji machafu. Mabuu yanayoanguliwa hutoboa ukuta wa utumbo, husafirishwa na damu hadi mapafuni, hupanda kooni na kumezwa tena, ndipo hukomaa katika utumbo mwembamba. Mnyoo mjeledi naye huingia kwa njia hiyo hiyo ya kumezwa, ila hana safari ya mapafuni. Ana urefu wa sentimita 4 tu, na sehemu yake ya mbele, iliyo nyembamba kama uzi, huifuma ndani ya utando wa utumbo mpana. Kwa sababu amejishona hivyo ni vigumu kumng'oa, jambo tutakalolirudia tunapofika kwenye dawa. Mtoto mwenye minyoo mjeledi wengi huharisha muda mrefu, hutoa damu katika choo, na anapozidiwa kabisa sehemu ya mwisho ya utumbo huweza kutokeza nje anapojikamua.

Minyoo wa safura wana njia yao. Mayai yao huanguliwa ardhini, na baada ya siku 5 hadi 10 mabuu yake huwa tayari kumwambukiza mtu, yakisubiri katika udongo wenye kivuli na unyevu kwa muda wa wiki 3 au 4. Mguu mtupu unapokanyaga hapo, mabuu hupenya ngozi, mara nyingi katikati ya vidole, na kuacha muwasho ambao mtu huukuna na kuusahau. Kutoka hapo huenda mapafuni, hupanda kooni, humezwa, na hatimaye mnyoo mwenye urefu wa sentimita 1 hivi hujinata kwenye utumbo mwembamba na kuanza kunywa damu. Mnyoo mmoja wa aina iliyoenea zaidi humpotezea mtu mililita 0.03 za damu kwa siku, kiasi ambacho hakijazi hata ncha ya kijiko. Mwenye minyoo 100, hata hivyo, hupoteza mililita 3 kila siku na karibu mililita 90 kwa mwezi, na damu hiyo huondoka na madini ya chuma ambayo mlo wa ndizi, mihogo na samaki wachache hauwezi kuyarudisha kwa kasi hiyo. Aina ya pili ya safura hunywa mara 5 au zaidi ya hapo. Ndiyo maana ugonjwa huu humuumiza hasa mwanamke mjamzito na msichana aliyevunja ungo, ambao mahitaji yao ya chuma tayari yako juu, na ndiyo maana mtu mwenye safura huchoka, huhema akipanda kilima, na huitwa mvivu na wasiojua.

Hesabu hiyo ya mililita inaonyesha kwamba kuwa na minyoo na kuugua minyoo ni mambo mawili. Katika maabara nyingi za nchi za joto kipimo kinachotumika ni kile cha Kato-Katz, ambacho hakihitaji mashine yoyote zaidi ya hadubini. Mtaalamu huchuja kinyesi kwenye wavu mdogo, hukijaza katika kitundu cha kibati kinachobeba miligramu 41.7, hukiweka juu ya kioo, na kukifunika kwa kipande cha selofeni kilicholowekwa katika gliserini yenye rangi ya kijani. Akikibonyeza, kinyesi husambaa kuwa utando unaopitisha mwanga, naye huanza kuhesabu mayai na kuzidisha mara 24 ili apate idadi kwa kila gramu. Akichelewa zaidi ya saa moja, mayai ya safura huwa yameshayeyuka machoni pake na mgonjwa ataandikwa kuwa hana kitu. Kwa chango, mayai chini ya 5,000 kwa gramu huhesabiwa kuwa maambukizi mepesi na 50,000 au zaidi kuwa mazito. Kwa mjeledi mipaka ni 1,000 na 10,000. Kwa safura ni 2,000 na 4,000.

Ukipima kijiji kizima kwa namna hiyo utakuta jambo ambalo limejirudia karibu kila mahali lilikotazamwa. Minyoo hawajagawanyika sawa. Watu wengi wana wachache au hawana, na kundi dogo, ambalo kwa makadirio ya kawaida ni moja ya tano ya watu, limebeba karibu asilimia 80 ya minyoo wote. Hao ndio wanaougua, na hao ndio wanaoumwagia udongo mayai mengi kiasi cha kuwaambukiza wengine tena. Sababu za mtu mmoja kubeba mzigo wa wenzake hazijulikani zote, lakini kinga ya mwili, urithi, umri na mahali mtoto anapochezea vyote vimo. Umri hasa una mpangilio wake: chango na mjeledi huwaelemea zaidi watoto wa umri wa kwenda shule, wakati safura huendelea kuongezeka hadi utu uzima, kwa hiyo mpango unaoishia mlango wa shule huwaacha nje wakulima na akina mama ambao ndio wanaopoteza damu zaidi.

Sasa turudi kwa wenyeji wa asili. Serikali ya Malaysia inawagawa Orang Asli katika makundi 3 makubwa yenye makabila 18, na maisha yao hayafanani: wako wakulima wa mpunga na mpira, wako wavuvi wa pwani, na wako Wabatek na Wajahai ambao mpaka vizazi vya karibuni waliishi kwa kuwinda na kukusanya, wakihamahama msituni. Frederick Dunn, aliyechapisha mwaka 1972 utafiti wa vimelea vya tumbo miongoni mwao, alikuwa mmoja wa watu wa mwanzo kuyatazama maambukizi kwa kufuata mazingira ambamo kila kundi linaishi badala ya kuyaona kama tabia ya kabila. Mantiki yake ni rahisi kuifuata ukishajua maisha ya chango. Yai linahitaji wiki mbili au zaidi ardhini kabla ya kuwa hatari. Kundi la watu 30 linalohama kambi mara kwa mara huyaacha mayai yake nyuma kabla hayajakomaa, na msitu huyamaliza. Kundi hilo hilo likiwekwa mahali pamoja mwaka mzima, katika nyumba zilizopangwa karibu karibu, huanza kuishi juu ya mayai yake yenyewe.

Na ndivyo lilivyowekwa. Bwawa la Temenggor huko Perak lilipojengwa katika miaka ya 1970, mabonde ya Wajahai na Watemiar yalifunikwa na maji, na watu wakakusanywa katika makazi ya mpango kama Banun na Kemar. Kwingineko msitu ulikatwa ukawa mashamba ya michikichi. Watu waliokuwa na eneo kubwa la kuzungukia walibaki na kijiji kimoja, kijito kimoja, na udongo ule ule chini ya miguu ya watoto wao kila siku. Mara nyingine walijengewa na vyoo vya kumwagia maji, lakini bomba lilipokauka au pampu ilipoharibika choo kiligeuka stoo ya kuni, na mtu akarudi kichakani, ambako palikuwa pasafi zaidi kuliko ndani ya choo kisicho na maji. Anayewalaumu watu hawa kwa mila zao anasahau kwamba mila yenyewe, ile ya kuhama, ndiyo iliyokuwa ikiwakinga, na kwamba waliokatazwa kuhama hawakupewa kitu cha kuziba nafasi yake.

Dawa nazo zina hadithi ndefu, na Waswahili tumo ndani yake. Vidonge vinavyogawiwa duniani kote ni viwili, albendazoli ya miligramu 400 na mebendazoli ya miligramu 500, kila kimoja kikimezwa mara moja. Ni salama, ni rahisi, na kampuni zinazovitengeneza huvitoa bure kwa mipango ya serikali. Dozi moja ya albendazoli huwaponya chango zaidi ya watu 90 katika kila 100, na safura karibu 80, lakini mjeledi humponya mtu mmoja tu kati ya watatu. Mebendazoli ni dhaifu zaidi kwa safura. Ndipo inapoonekana shida ya mahali ambapo mjeledi ndiye mnyoo mkuu, kama ilivyo kwa Orang Asli. Kampeni inaweza kufanyika vizuri, kila mtoto akameza kidonge chake mbele ya mwalimu, karatasi zikajazwa kwamba asilimia 100 wamefikiwa, na mnyoo anayewasumbua watoto hao akabaki pale pale alipojishona.

Pemba iliijua shida hiyo mapema. Kisiwa hicho kina mjeledi wengi, na tangu mwaka 2000 kina Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri karibu na Chake Chake, ambayo imeshiriki majaribio mengi ya dawa za minyoo. Jaribio moja kubwa, lililofanyika Pemba, Laos na Ivory Coast na kuchapishwa mwaka 2022, lililinganisha albendazoli peke yake na albendazoli ikichanganywa na ivermektini, dawa nyingine ya vimelea. Pemba na Laos mchanganyiko ulifanya kazi vizuri zaidi kwa mbali. Ivory Coast haukuonyesha faida hiyo, na uchunguzi uliofuata ukaibua hoja kwamba mnyoo wa huko huenda ni wa spishi nyingine inayofanana na mjeledi kwa sura tu. Matokeo ya Pemba, kwa hiyo, hayawezi kubebwa kama yalivyo na kupelekwa Pahang huko Malaysia au Amazoni bila kupima kwanza.

Hata dawa inapofanya kazi, udongo hubaki. Uchambuzi mmoja uliokusanya tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba miezi 6 baada ya tiba, chango hurudi kufikia karibu theluthi mbili ya kiwango cha awali, na baada ya miezi 12 hufikia asilimia 94. Mjeledi hufuata kwa karibu. Safura huchelewa zaidi, na ikifika mwaka huwa imerudi kwa zaidi kidogo ya nusu. Tafiti za vijiji vya Orang Asli zimeona jambo hilo hilo: watoto wanatibiwa kikamilifu, na kabla nusu mwaka haujaisha wengi wao wanayo minyoo tena.

Katika hali hiyo wataalamu wamegombana kwa miaka mingi kama ugawaji wa dawa kwa wote una faida yoyote ya maana. Upande mmoja husimama utafiti wa Edward Miguel na Michael Kremer, uliofanyika katika shule 75 za Busia, magharibi mwa Kenya, na kuchapishwa mwaka 2004, uliosema kwamba dawa zilipunguza utoro shuleni kwa robo, na hata watoto ambao hawakumeza dawa walifaidika kwa sababu mayai yalipungua katika mazingira yao. Upande wa pili husimama mapitio ya kitabibu yaliyojumlisha majaribio mengi na kukuta kwamba, kwa wastani, kugawa dawa kwa watoto wote hakuongezi uzito wala damu wala akili kwa kiasi kinachoonekana. Nionavyo mimi, sehemu kubwa ya ugomvi huo inatokana na wastani wenyewe. Ukichukua watoto 100 ambao 80 hawana shida yoyote na 20 wamelemewa, ukawatibu wote na kuwapima wote, faida ya wale 20 huyeyuka ndani ya hao 80. Jamii za asili zenye mzigo mkubwa zimekuwa sehemu ndogo sana ya majaribio yaliyojumlishwa, kwa hiyo hukumu iliyotolewa juu ya wastani wa dunia haiwasemi wao, kwa heri wala kwa shari.

Mambo hugeuka kuwa magumu zaidi tukivuka bahari hadi Bolivia. Watsimane ni watu wapatao 16,000, wanaolima ndizi, mpunga na mihogo, wanaovua na kuwinda, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wakiongozwa na Hillard Kaplan na Michael Gurven wamekuwa wakiwafuatilia kiafya, wakiwatibu na kuandika kila wanachokiona. Kiasi cha watu 7 kati ya 10 wana minyoo, na safura ndiyo inayoongoza. Mwaka 2015 Aaron Blackwell na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 986 kwa miaka 9. Mwanamke wa Kitsimane huzaa kwa wastani watoto 9. Wale waliokuwa na safura mara kwa mara walichelewa kupata mimba ya kwanza na walikaa muda mrefu zaidi kati ya mtoto na mtoto, kwa makadirio ya watoto 3 pungufu katika maisha yao yote. Wale waliokuwa na chango walikwenda kinyume: walipata mimba mapema na kwa kukaribiana, kwa makadirio ya watoto 2 zaidi.

Maelezo yanayopendekezwa yanahusu kinga ya mwili. Ili mwanamke abebe mimba, kinga yake lazima itulie isimshambulie kiumbe ambaye nusu yake ni mgeni. Chango anaonekana kuisukuma kinga upande huo wa utulivu, kwa kuwa na yeye ni mgeni anayetaka kuachwa akae. Safura, pamoja na kunywa damu, huamsha mwitikio wa namna nyingine. Utafiti wa kufuatilia watu hauthibitishi sababu kama jaribio linavyothibitisha, na waandishi wake walilieleza hilo. Isitoshe, kupata watoto 2 zaidi si lazima iwe heri kwa mama anayekaa mbali na hospitali. Lakini ukisoma matokeo hayo huwezi tena kuandika sentensi inayoanza na maneno "minyoo husababisha" bila kusema ni minyoo gani.

Timu hiyo hiyo iliona pia kwamba Watsimane wenye safura au chango walikuwa na uwezekano mdogo wa kukutwa na giardia, kimelea wa chembe moja anayeharisha watoto. Na mwaka 2017 ilitangaza kwamba mishipa ya moyo ya Watsimane ni misafi kuliko ya watu wowote waliowahi kupimwa: kati ya watu wazima 705 waliopigwa picha ya moyo, asilimia 85 hawakuwa na dalili ya mishipa kuziba. Sababu kubwa ni kwamba hutembea na kufanya kazi kutwa, hula mlo wenye mafuta machache, na wachache huvuta sigara. Wako wanaodhani kwamba minyoo nao huchangia, kwa kuteremsha lehemu na kutuliza kinga. Habari hizo zilipofika magazetini baadhi ya watu walianza kuzungumza kana kwamba minyoo ni baraka iliyopotea. Hao wangekumbuka kwamba Watsimane wenyewe hufa mapema kwa maambukizi na kwamba wanawake wenye upungufu wa damu hawakuulizwa kama wanaionea fahari mishipa yao. Kinachofaa kuchukuliwa hapo ni tahadhari: anayewatibu watu wa jamii hiyo mnyoo mmoja anaugusa mpangilio mzima wa vimelea ndani ya tumbo, na anapaswa kurudi kuangalia kimetokea nini.

Kinachokata mzunguko wa chango, mjeledi na safura kwa muda mrefu ni kinyesi kutofika ardhini. Korea Kusini ndiyo mfano unaotajwa zaidi: mwaka 1971 uchunguzi wa kitaifa ulikuta mayai ya minyoo kwa asilimia 84 ya watu, na ndani ya kizazi kimoja, kwa kuwapima na kuwatibu wanafunzi mara mbili kwa mwaka huku mbolea ya kinyesi ikiachwa na nyumba zikipata vyoo na maji, hali hiyo ikaisha. Tafiti zilizojumlishwa zinaonyesha kwamba mwenye choo na anayekitumia ana karibu nusu tu ya uwezekano wa kuambukizwa. Lakini jaribio lililofanyika katika vijiji 100 vya Odisha nchini India, na kuchapishwa mwaka 2014, lilijenga vyoo hadi kaya zenye choo zikapanda kutoka asilimia 9 hadi 63, na minyoo hawakupungua. Watu wengi hawakuvitumia, na kijiji ambacho theluthi yake bado inakwenda porini kina udongo wenye mayai kwa wote. Kwa nyumba za juu ya nguzo katika bonde linalofurika kila masika, kama kando ya Maniqui, shimo la kawaida hujaa maji na kumwaga kila kitu nje, kwa hiyo choo kinachofaa huko ni kile kilichoinuliwa na kufungwa chini, ambacho ni ghali zaidi na kinahitaji fundi wa karibu. Gharama hiyo haiingii katika bajeti ya vidonge.

Amebaki mmoja ambaye nimemweka nyuma kwa makusudi, kwa sababu anavunja kanuni zote za waliotangulia. Strongiloidi ni mnyoo wa milimita 2 tu. Kama safura, huingia kwa kupenya ngozi, lakini mayai yake huanguliwa ndani ya utumbo wenyewe, na baadhi ya mabuu huwahi kukomaa kabla ya kutoka, yakapenya ukuta wa utumbo au ngozi iliyozunguka tundu la haja kubwa na kumwambukiza upya mtu yule yule. Mzunguko wake hauhitaji udongo tena. Mtu anaweza kuhama kijiji, akavaa viatu maisha yake yote yaliyobaki, na akabaki naye. Askari waliokuwa mateka wa Wajapani kwenye reli ya Burma wakati wa Vita vya Pili vya Dunia walipimwa zaidi ya miaka 30 baadaye na baadhi yao wakakutwa bado wanaye.

Kwa miaka mingi mtu aliye naye hahisi kitu, au huwashwa na kuumwa tumbo mara moja moja. Hatari huja kinga inaposhuka. Daktari akimwandikia dawa inayoshusha kinga, kama prednisoloni kwa ajili ya pumu, au deksamethasoni kama wagonjwa wengi wa korona walivyopewa kuanzia 2020, minyoo huongezeka bila kizuizi, mabuu husambaa mwili mzima yakibeba bakteria wa utumbo, na mtu huweza kufa kwa sumu ya damu ambayo chanzo chake hakikutafutwa. Katika jamii za Waaborijini wa kaskazini na kati ya Australia, ambako strongiloidi ameenea, na ambako Australia ya kati ina pia kirusi cha HTLV-1 kinachoongeza ukali wa ugonjwa huu, madaktari wenye uzoefu wa huko humpima mgonjwa au humpa ivermektini kabla ya kumwanzishia dawa hizo. Daktari wa jiji anayempokea mgonjwa huyo huyo kwa ndege huenda hajawahi kufikiria jambo hilo, katika nchi inayojiona haina minyoo.

Ivermektini humtibu vizuri. Katika jamii moja ya mbali ya Northern Territory, kaskazini mwa Australia, iligawiwa kwa watu karibu wote, na waliokuwa na dalili za maambukizi katika damu wakashuka kutoka karibu moja ya tano hadi chini ya moja ya kumi. Albendazoli ya dozi moja, ile inayogawiwa shuleni, haimfikii kwa uhakika, kwa hiyo nchi inaweza kugawa vidonge vyake kwa miaka 20 bila kumgusa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba pale ambapo asilimia 5 au zaidi ya watoto wa umri wa shule wana strongiloidi, watu wote kuanzia miaka 5 wapewe ivermektini mara moja kwa mwaka. Shida ni kwamba Kato-Katz haimwoni kabisa, kwani inatafuta mayai na yeye mayai yake hayatoki. Anahitaji kipimo cha Baermann, ambacho hulaza kinyesi juu ya maji ya uvuguvugu ili mabuu yashuke yenyewe, au kipimo cha damu, na maabara nyingi za wilaya zinazohudumia jamii za asili hazina hata kimoja kati ya hivyo viwili. Wilaya isiyo nacho itaendelea kuandika sifuri katika safu ya strongiloidi, na kwa sifuri hiyo haitaletewa ivermektini.